Mkataji wangu ameniacha kwenda kulipwa pungufu

Shangazi, shikamoo.

Nina karakana ya kushona sare za shule hapa Mwanza. Nilianza mwaka 2017 na cherehani moja ya miguu kwenye baraza ya nyumba tuliyopanga. Leo nina cherehani nane za umeme, overloku mbili, na meza ya kukatia niliyoichongesha kwa pesa ya mchezo. Nashonea shule tano. Silalamiki kuhusu kazi, kazi ipo.

Shida yangu ni watu. Ndani ya miezi 14 nimeondokewa na mafundi saba kati ya tisa. Wa zamani wamebaki wawili tu, mama mmoja wa marinda na kijana wa vifungo. Wengine wote ni wapya. Kila mpya nakaa naye wiki tatu nne mpaka ajue tunavyofanya, kisha naye anaanza kuchelewa, anaanza kununa, mwisho naletewa habari kwamba kaonekana kwa jirani.

Nisingekuandikia kwa hao wengine. Nakuandikia kwa sababu ya mkataji wangu. Huyu alikuja anajua kushona tu, kukata nimemfundisha mimi. Alifika mahali akawa anapanga ruwaza kwenye jora la kaki hapotezi hata kipande cha mfuko. Tumekaa naye miaka mitano. Mwezi wa kumi na moja mwishoni, msimu ndio unaanza kuchemka, akaniaga. Nikamuuliza kulikoni, akasema amechoka tu, anataka kupumzika. Wiki mbili baadaye nikasikia yuko kwenye karakana mtaa wa tatu kutoka kwangu. Mimi nilikuwa namlipa 420,000 kwa mwezi. Huko, kwa niliyoambiwa na mtu wa uhakika, wanamlipa 370,000. Shangazi, mtu anaacha pesa nyingi anakwenda kwenye kidogo? Januari nikashindwa kumaliza oda ya sare 300 za shule moja, wakanihama. Nililia.

Nimejichunguza. Mimi sicheleweshi mshahara. Chai ya saa nne ni yangu, na chapati. Situkani mtu. Ila mimi ni mkweli, kosa likitokea nalinyanyua juu wote walione, ili aliyekosea asirudie na wengine wajifunze. Nikiona kazi mbovu naipiga picha naiweka kwenye grupu letu la WhatsApp. Huyu mkataji mwenyewe mwezi wa tisa alikata suruali 40 fupi kwa inchi mbili. Nilikuwa nimetoka Kariakoo kufuata vitambaa, nikamtumia vipimo kwa sauti usiku nikiwa kwenye basi. Mimi nilisema 38, yeye anasema alisikia 36. Hasara ilikuwa 180,000, nikaikata kwenye mshahara wa mwezi ule. Hakusema kitu. Mwezi uliofuata alifiwa na baba yake huko Sengerema, nikampa siku mbili na rambirambi ya 50,000, nikamwomba awahi kurudi maana kulikuwa na oda inadaiwa. Akarudi. Kwa hiyo naona sikumfanyia ubaya.

Mume wangu anasema mafundi wa siku hizi hawana shukrani, niwe nabadilisha tu. Rafiki yangu mwenye biashara amenishauri kila fundi mpya nimshikilie mshahara wa mwezi wa kwanza, akiondoka kabla ya mwaka aupoteze. Mimi nimefikiria kuwaongeza wote 50,000. Julai vijana wa kidato cha tano wanaripoti shuleni na oda zitaanza kuingia mapema. Nifanye lipi?

Mwenye Karakana, Mwanza

*

Marahaba, mwanangu.

Hongera kwa hiyo meza. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa na kalamu mkononi.

Mstari wa kwanza niliupiga chini ya maneno haya: "Hakusema kitu." Umeyaandika kama ushahidi kwamba mambo yalikwisha salama. Mimi nimeyasoma nikaona ndipo alipoanza kuondoka. Mtu wa miaka mitano, uliyemfundisha kushika mkasi, anapoteza karibu nusu ya mshahara wake kwa siku moja na halalamiki hata kidogo. Anayeamini kwamba atasikilizwa hulalamika. Huyu alikwisha kuona kwamba kusema hakutamsaidia, akanyamaza, akaendelea kukata vitambaa vyako huku moyo uko nje.

Hebu tuirudie ile hasara pole pole. Vipimo vya suruali 40 vilitumwa kwa sauti, usiku, kutoka ndani ya basi. Thelathini na nane na thelathini na sita, honi zinapiga na abiria wanaongea. Aliyekosea hapo ni nani? Mimi nasema mlikosea wawili. Wewe hukuandika, yeye hakuuliza mara ya pili. Lakini aliyelipa ni mmoja, na ni yule mwenye kidogo. Hilo ndilo alilobeba kwenda nalo nyumbani mwezi ule, pamoja na kodi ya nyumba.

Na kwa kuwa wewe ni mwajiri, ujue pia sheria inasemaje. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikuruhusu kukata mshahara wa mtu kwa hasara kienyeji. Ni lazima hasara iwe imetokana na kosa lake akiwa kazini, umwandikie sababu na hesabu ulivyoipata, umpe nafasi ya kuipinga, naye akubali makato kwa maandishi. Hata hapo makato hayatakiwi kuzidi robo ya mshahara. Robo ya 420,000 ni 105,000. Wewe ulikata 180,000. Angekwenda kulalamika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ungekuwa na kazi ya kujieleza. Hakwenda. Amekwenda mtaa wa tatu.

Mstari wa pili niliupiga kwenye msiba. Rambirambi ya 50,000 ni utu, Mungu akuzidishie, sikuchukulii hilo. Lakini baba yake mtu amefariki na wewe ukampa siku mbili na neno la oda juu yake. Sheria hiyohiyo inampa mfanyakazi siku zisizopungua nne zenye malipo anapofiwa na mzazi. Tena weka sheria pembeni. Kutoka Mwanza kwenda Sengerema kuna kuvuka ziwa au kulizunguka, kuna kuzika, kuna kukaa na mama mjane walau siku ya tatu matanga yakianuliwa. Yeye siku hiyo alikuwa amesimama kwenye meza yako, anakata. Nina hakika alikata vizuri. Nina hakika pia kwamba mchana ule aliamua.

Sasa nije kwenye lile unaloliita ukweli. Mwanangu, katika lugha yetu kumnyanyulia mtu kosa lake mbele ya wenzake kuna jina, na wewe mwanamke wa Kiswahili unalijua: ni kumsuta. Kusutwa hufanyiwa mtu aliyefitini watu, aliyevunja nyumba za wenzake. Hafanyiwi mtu aliyepindisha zipu ya sketi. Fundi anayeona sketi yake imeinuliwa juu hawezi kusikia unachosema kuhusu zipu. Masikio yanamuuma, anaangalia nani anacheka. Na ile picha ya kwenye grupu ni mbaya zaidi, kwa sababu maneno ya mdomoni yanapita lakini picha inakaa. Jioni mtoto wake anachukua simu kuangalia katuni, anaiona kazi ya mama yake imezungushiwa duara jekundu.

Najua unachokusudia. Unataka kazi safi. Naomba nikusimulie jambo langu, maana haya sikuyasoma mahali.

Miaka mingi nyuma nilikuwa msimamizi wa zamu ya usiku katika kiwanda kimoja cha nguo. Nilikuwa kijana na nilitaka wakubwa wajue kwamba zamu yangu haina mchezo. Wiki moja nilimsimamisha binti katikati ya safu, nikamsomea makosa yake kwa sauti ya juu kuliko mashine. Watu walinyooka kweli, nikafurahi. Wiki iliyofuata cherehani ya mwenzake ikaanza kutema mafuta kidogo kidogo kwenye kola za mashati. Yule dada aliliona tatizo saa nne usiku. Akanyamaza, kwa sababu alikumbuka yaliyompata mwenzake na akaogopa nitasema ameharibu mashine. Akawa anafuta na kitambaa, anaendelea. Asubuhi tulikuta mashati zaidi ya 200 yana doa mahali palepale. Nilipomuuliza kwa nini hakuniita, alinitazama tu. Dada yule aliacha kazi kabla ya mwisho wa mwezi na mimi nikawaambia wenzangu kwamba hakuwa makini. Imenichukua miaka kusema wazi kwamba yale mashati niliyaharibu mimi.

Ndiyo maana nakuuliza, wakati vipimo vile vya kwenye basi havikusikika vizuri, kwa nini mkataji wako hakukupigia simu kuuliza tena? Mtu mwenye uzoefu wa miaka mitano, anayeshika kaki ya suruali 40. Nadhani unalijua jibu. Kuuliza mara mbili kwako kulikuwa na gharama.

Mume wako anasema mafundi wa siku hizi hawana shukrani. Mpe salamu zangu, na umwambie jambo hili si la siku hizi. Mwaka 1913 kiwanda cha magari cha Henry Ford kule Marekani kiliajiri watu wapatao 52,000 ndani ya mwaka mmoja ili kubaki na wafanyakazi kama 14,000. Watu walikuwa wanaingia na kutoka kama maji kwenye chujio. Januari 1914 Ford akapandisha malipo mpaka dola 5 kwa siku, karibu mara mbili ya yaliyokuwepo, na akapunguza saa za kazi kutoka 9 hadi 8. Kuacha kazi kukapungua sana. Kwa hiyo simwambii mtu kwamba pesa haina maana. Mwajiri anayelipa chini ya soko halafu anatafuta dawa kwenye maneno matamu anajidanganya, na barua za namna hiyo huwa nazijibu kwa ukali. Lakini wewe huko ulikwisha kufika. Unalipa kuliko jirani. Mkataji wako amelipa 50,000 kila mwezi, kutoka mfukoni mwake, ili tu asiwe chini yako. Unafikiri ukimwongezea nyingine 50,000 utakuwa umenunua nini? Hiyo pesa usiitoe bado.

Na ushauri wa rafiki yako uutupe leo. Kushikilia mshahara ambao mtu amekwisha kuufanyia kazi, uwe kama dhamana, ni kosa kisheria. Anayelipwa kwa mwezi unaweza kumdai notisi ya siku 28, hilo ni haki yako na liwe kwenye mkataba wa maandishi. Zaidi ya hapo utakuwa na karakana ya watu wanaokaa kwa sababu umewafungia, na mtu wa namna hiyo ukimpa jora la kaki utalia tena.

Tuanze na wale wawili waliobaki. Umewataja kwa nusu sentensi, wakati wao ndio wanaojua kila kitu. Mama wa marinda na kijana wa vifungo waliagana na wale saba wote, walikula nao chapati za saa nne, walisikia yaliyosemwa ulipokuwa Kariakoo. Ongea na kila mmoja peke yake, tena nje ya karakana, mahali ambapo hamna mashine wala watu. Usimuulize kwa nini wenzake waliondoka, utamfanya mmbeya. Muulize kuhusu yeye: mwaka jana kuna siku ulitaka kuacha kazi? Ilikuwa siku gani? Kisha unyamaze. Utasikia jambo litakalokuchoma na ulimi utawasha kutaka kujieleza, kusema "lakini siku ile nilikuwa na..." Usiseme. Andika kwenye daftari, sema asante, na ndani ya wiki ile ubadilishe hata jambo moja dogo kati ya aliyokwambia. Akiona hilo moja, mara ya pili atakwambia kubwa. Asipoona, hutasikia neno tena kwake.

Picha za kwenye grupu zifute. Na kwa kuwa uliwaaibisha watu mbele ya watu, kuomba radhi nako kufanyike mbele ya watu. Asubuhi moja kabla mashine hazijawashwa, waambie wote, wapya na wa zamani: nilikuwa nanyanyua kazi zenu juu na kuziweka kwenye simu, nimeona si sawa, sitafanya tena. Maneno yasizidi hapo. Najua unaogopa watakupanda kichwani. Wakati fulani mmoja atajaribu. Huyo utamshughulikia kama mmoja.

Maana sikwambii uache kazi mbovu ipite. Marinda yakiwa hayalingani yafumuliwe, siku hiyohiyo. Tofauti iko kwenye namna ya kufika kwake. Vuta kiti, kaa pembeni ya cherehani, sauti yenu isifike cherehani ya pili. Mwonyeshe rinda lililo sawa na lile lililopinda, muulize anaona nini. Mara nyingi ataona mwenyewe. Mara nyingine atakwambia kwamba mashine inaruka nyuzi tangu Jumatatu na alikuwa anaogopa kusema, na hapo utakuwa umeokoa sare nyingi kuliko sketi ile moja. Anayechelewa kila siku au anayeiba vitambaa, huyo muite ofisini, umwandikie onyo, ufuate utaratibu. Utaratibu hauhitaji watazamaji.

Halafu vipimo. Kuanzia oda ijayo hakuna vipimo vya sauti. Kila oda iwe na karatasi: shule, idadi, kiuno, urefu, rangi, tarehe ya kukabidhi. Ukiwa safarini, piga picha karatasi hiyo uitume. Na kabla mkasi haujapita kwenye tabaka zote, ikatwe moja, ishonwe, ipimwe, wewe au mtu uliyemkabidhi aweke sahihi. Inakula saa mbili. Suruali 40 zilikula 180,000, mkataji, na shule ya sare 300.

Kuhusu msimu. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki, zinazozidi hulipwa mara moja na nusu. Hilo huenda unalifanya, hukuniambia. Ninachotaka kuongeza ni hiki: oda ya Julai ikiingia, waite mapema uwaonyeshe idadi na tarehe, uwaulize nani anaweza kubaki jioni siku zipi. Mama mwenye mtoto wa kunyonya na kijana anayesali ijumaa watakupa siku tofauti, na ratiba itakaa. Fundi aliyejipangia mwenyewe kubaki hadi saa moja hashoni kama yule aliyeambiwa saa kumi na moja jioni, mkoba uko begani, kwamba leo hakuna kutoka.

Jambo moja litakuuma lakini nalisema. Baadhi yao wataondoka tu, hata ukiwa malaika. Fundi mzuri anaota cherehani yake na baraza lake, kama ulivyoota wewe mwaka 2017. Muulize kila mmoja anakotaka kufika. Anayetaka kujifunza kukata, mfundishe, na siku akiweza mpe cheo na nyongeza, hapo ndipo ile 50,000 yako itakuwa na kazi. Anayetaka karakana yake, mwache aseme wazi, mpangiane miaka miwili, na siku akiondoka mpe vizuri hati yake ya utumishi. Nimeona mafundi wa namna hiyo wakirudishiwa oda ndogo na mabosi wao wa zamani msimu ukizidi, na kazi ikaenda.

Sasa mkataji wako. Nimemwacha mwisho kwa sababu najua ndiye uliyemlilia. Nenda ukamwone. Chukua 180,000 kwenye bahasha, yote, usipunguze nusu yako na nusu yake. Mpe pole ya baba upya, kwa kirefu, uulize habari za mama huko Sengerema. Mwambie: nilikukata pesa kwa kosa ambalo lilikuwa langu pia, na nilikuita kazini wakati ulitakiwa kuwa matangani. Usiongeze neno lolote linaloanza na lakini. Usimwombe arudi. Akitaka kurudi njia anaijua, na asiporudi pesa bado ni yake. Na usimfuate kule kazini, mbele ya bosi wake mpya na mafundi wenzake. Nenda nyumbani kwake Jumapili jioni, piga hodi, ukae mtakapokuwa wawili tu, ili kama ana la kukujibu akujibu bila mtu kumtazama.

Shangazi